UZI: Mafundi wa tovuti Tanga, tuwe na masharti mamoja ya ufikivu kwa watu wenye ulemavu

#1 Fundi_wa_Ngamiani

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, asiye na muda apite tu.

Natengeneza tovuti hapa mjini. Wateja wangu ni shule, gesti za Raskazone, maduka ya vipuri na taasisi kadhaa zinazohudumia watu. Siku hizi tupo wengi, kuanzia Chumbageni hadi Kange, na kila mmoja anajenga kwa akili yake. Mteja anataka kitu kipendeze. Unanunua templeti, unabadili rangi, unabandika nembo, unachukua chako, unasepa. Asiyeona akifungua fomu ya kumwandikisha mtoto shule, ataijaza? Ambaye mikono inamtetemeka je? Suala hilo halizungumzwi kabisa, maana kwenye karatasi tunayosaini halimo.

Hoja yangu: tuandike ukurasa mmoja wa masharti, kila fundi auambatanishe kwenye mkataba wake, na kazi isihesabike imekwisha mpaka masharti yatimie. Sisemi tubuni kiwango cha Tanga. Kiwango kipo, kinasomwa bure, na walioandika walibishana kwa miaka juu ya kila sentensi. Kazi yetu ni kukichukua, kisha kuongeza yale ambayo waliokaa mbali hawakuweza kuyajua.

Kwa wasiokifahamu, kinaitwa WCAG, yaani miongozo ya ufikivu wa maudhui ya wavuti. Kinatolewa na W3C, chombo cha viwango vya wavuti alichokianzisha Tim Berners-Lee mwaka 1994, yule yule aliyebuni wavuti. Mwaka 1997 wakaanzisha kitengo cha ufikivu, na Mei 1999 likatoka toleo la kwanza lenye miongozo 14 na vipengele 65 vya kukagua. Lilifungwa mno kwenye HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, ya wakati ule, teknolojia ikasogea, lenyewe likabaki nyuma. Toleo la 2.0 la Desemba 2008 likaacha kuuliza umejenga kwa teknolojia gani, likawa linauliza matokeo. Yaliyomo yanatambulika kwa jicho, kwa sikio au kwa kidole? Yanaendesheka bila mausi? Yanaeleweka? Yatadumu kufunguka kwenye vifaa na programu tofauti? Toleo la 2.1 la mwaka 2018 likaongeza mambo ya simu, na 2.2 likatoka Oktoba 2023. Madaraja ni matatu, kuanzia la chini: A, AA na AAA. Wengi wanaotunga sheria wanashika AA, nami napendekeza hapo hapo.

Kilichonifanya nikiheshimu kiwango hiki ni kipengele cha rangi. Wengi tunadhani rangi ni suala la macho ya mteja. Pale kuna hesabu. Unapima mwanga wa maandishi dhidi ya mwanga wa mandhari yake, unapata uwiano. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1, mwisho wa kipimo. Kwa daraja la AA, maandishi ya kawaida yasishuke chini ya 4.5 kwa 1. Namba hiyo haikuokotwa. Walianza na 3 kwa 1, kiasi kinachomtosha mwenye macho mazima, wakazidisha kwa 1.5 kufidia uoni uliopungua kufikia kiwango cha kawaida cha mtu wa miaka 80 hivi. Ndipo ikaja 4.5. Matokeo yake ni makali kweli kweli: ile kijivu tunayoipenda wote, #777777 juu ya nyeupe, inapata 4.48 na inaanguka. Ukiifanya #767676 inapita. Hutaona tofauti kwa jicho, ila mstari umechorwa na kila mtu anajua uko wapi. Rangi ya chungwa juu ya nyeupe, ambayo nusu ya gesti za hapa zimeiweka kwenye kitufe cha "Weka nafasi", haifiki hata 2.

Jambo la pili dogo lakini linauma. Fungueni msimbo wa tovuti zenu mtazame mstari wa juu kabisa. Templeti zinakuja na lang="en", na hatuzigusi. Programu ya kusoma skrini kwa sauti, anayoitumia asiyeona, inafuata lebo hiyo, kwa hiyo Kiswahili chako kinasomwa na sauti ya Kiingereza. "Ada ya muhula wa kwanza" inatoka "eida yei myuhyula wa kwanza". Unabadilisha herufi mbili, en iwe sw, na mtu wa upande wa pili anaelewa. Kipengele hiki ni daraja A, daraja la chini kabisa, na tunakifeli.

Naomba maoni. Wenye ulemavu mliomo humu naomba mseme zaidi kuliko sisi.

#2 Mla_Mishikaki

Mkuu umeandika gazeti. Bei inapanda au haipandi? Jibu hilo kwanza.

#3 Bwana_Hesabu

Naunga mkono swali la Mla Mishikaki. Mimi naye ni fundi, na nasema bila kuuma maneno: hapa Tanga mteja analia bei ya jina la tovuti tu, halafu umwambie kuna ukaguzi wa kisoma skrini? Atakwenda kwa kijana wa chuo amfanyie kwa bei ya chipsi kuku. Pia tuwe wakweli, asiyeona anaingia kwenye tovuti ya gesti kufanya nini? Picha ya bahari imsaidie nini? Kila tovuti ina watu wake. Ya serikali sawa, waiwekee hayo masharti. Ya duka la vipuri tuiache.

#4 Bint_Makorora

Kaka Bwana Hesabu, hujambo. Mimi sioni tangu utotoni. Nimesoma Irente kule Lushoto, halafu sekondari na wanaoona. Sasa hivi nauza vitenge, oda zangu zinaingia kwa simu, nazipokea mwenyewe. Nasafiri kwenda Dar kuchukua mzigo, nalala gesti, nalipa kwa pesa yangu. Kwa hiyo naingia kwenye tovuti ya gesti kutafuta chumba, kama wewe.

Nikueleze inavyokuwa, maana nadhani hujawahi kusikia. Simu yangu ni ya Android ya kawaida, TalkBack, programu yake ya kusoma skrini, inakuja nayo, sikuinunua. Juzi nakata tiketi ya basi kwenye tovuti ya kampuni moja, jina nalihifadhi. Natelezesha kidole kulia, sauti inasema "kitufe". Tena, "kitufe". "Kitufe". "Kitufe". Ni mpangilio wa viti huo. Kila kiti ni kitufe na hakuna hata kimoja chenye namba, wala hakisemi kimeshachukuliwa au kiko wazi. Nikabahatisha. Nikaenda kwenye tarehe, kalenda ikafunguka, kidole hakiingii ndani yake, kinaruka kwenda mwisho wa ukurasa. Wakati natafuta njia, muda umeisha, ukurasa unaniambia nianze upya. Hakuna aliyenionya kwamba kuna saa inahesabu, kwa sababu ile saa ilikuwa inaonekana tu, haisemi.

Mwisho nikamwita mpwa wangu anikatie. Na hapo ndipo panaponiudhi kuliko tiketi yenyewe: namba yangu ya siri ya pesa sasa anaijua mtoto wa darasa la saba.

Hiyo picha ya bahari usijali, ipite. Niandikie chumba bei gani, kina feni au AC, na namba ya simu iwe maandishi, isiwe ndani ya picha.

#5 Mla_Mishikaki

Duh. Dada badilisha hiyo namba ya siri kwanza 😂

#6 Bint_Makorora

Nimeshabadilisha mwaya.

#7 Bwana_Hesabu

Dada yangu nimekusoma, na hiyo tovuti ya basi ni aibu. Lakini swali langu la pesa linabaki pale pale. Huyo mwenye basi anapata hasara gani? Abiria wamejaa. Hakuna atakayempeleka mahakamani. Kiwango bila rungu kitabaki karatasi, na karatasi tunazo nyingi.

#8 Fundi_wa_Ngamiani

Bwana Hesabu, tuanze na rungu. Kuna jamaa asiyeona Australia, Bruce Maguire, mwaka 1999 alilalamika kwamba tovuti ya Olimpiki ya Sydney haisomeki kwake. Picha hazina maelezo, na jedwali la matokeo halimfikii. Waandaaji wakajitetea kwamba kurekebisha kungekula zaidi ya dola milioni 2. Tume ya haki za binadamu ikawataka warekebishe, hawakumaliza, wakaamriwa kumlipa dola 20,000 za Australia. Toleo la kwanza la WCAG lilikuwa halijafikisha hata miaka miwili, na tayari lilikuwa limetumika kama kipimo cha kusema "hapa mmepungukiwa". Bila maandishi yale Maguire angekuwa na manung'uniko tu.

Kwetu: Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 9 inataja intaneti waziwazi. Mwaka uliofuata tukapata Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Majirani zetu Kenya mwaka 2022 wakatoa kiwango chao cha ufikivu wa teknolojia, KS 2952. Ulaya sheria yao ya ufikivu ilianza kutumika 28 Juni 2025. Upepo unakovuma unaonekana.

Ila mimi sisubiri mahakama. Rungu ninalolitaka ni la mkataba: kipande cha mwisho cha malipo kinategemea masharti kutimia. Mteja halipi zaidi, fundi ndiye anayebanwa. Na bei, nimjibu Mla Mishikaki: ukijenga hivyo tangu mwanzo, kuweka lebo kwenye fomu ni mstari mmoja wa msimbo. Ghali ni kurudi kwenye tovuti ya kurasa mia mbili kuandika maelezo ya picha ambazo hata aliyezipiga hazikumbuki.

#9 Mwalimu_Mstaafu_Pongwe

Wanangu, shikamooni hamjaniamkia lakini nawasamehe.

Mimi si mlemavu, ni mzee tu, na kwenye simu sioni tofauti kubwa. Hiyo habari ya miaka 80 imenigusa, ingawa mimi bado sijafika. Nikiwa nje juani, pale karibu na Mabanda ya Papa, ukurasa wenye maandishi ya kijivu ni karatasi nyeupe. Ndani ya nyumba nayaona. Kwa hiyo hizo rangi zenu mnazipima mkiwa chini ya taa ya ofisini na kompyuta mpya?

La pili, mnapenda sana kuzuia watu wasikuze maandishi. Nabana kwa vidole viwili, hakuna kinachotokea. Nani aliwafundisha hivyo?

#10 Fundi_wa_Ngamiani

Shikamoo mwalimu. Kuzuia kukuza ni mstari mmoja ambao mafundi wanaunakili bila kujua unafanya nini. Kiwango kinadai maandishi yakuzike hadi asilimia 200 bila kitu kupotea. Nauingiza.

#11 Watoto_wa_Barabara_ya_Kumi

Samahani nje ya mada, ile boflo ya asubuhi ya karibu na Uhuru Park bado ipo? Nakuja wikiendi.

#12 Mla_Mishikaki

Ipo. Turudi kwenye mada kabla hatujafukuzwa.

#13 Kodi_Safi

Wakuu, mnazunguka. Kuna vifaa vya kubandika: unaweka mstari mmoja wa JavaScript, kinatokea kile kimtu kidogo pembeni, mtumiaji anachagua maandishi makubwa, rangi kali, sauti. Tovuti inakuwa fikivu siku hiyo hiyo. Unalipa kwa mwezi, basi. Au endesha programu ya ukaguzi, ikitoa alama 100 umemaliza. Ukurasa wa masharti wa nini?

#14 Bint_Makorora

Kaka Kodi Safi, kile kimtu nakijua. Mimi sauti ninayo tayari kwenye simu, nimeizoea, naisikiliza kwa kasi ambayo wewe hutashika neno. Nikiingia kwenye tovuti yenye kifaa hicho nacho kinaanza kusema, sauti mbili zinagombana. Na kitufe kisicho na jina kinabaki hakina jina, maana kifaa hakijui kile ni kiti namba 14. Ni kupaka chokaa ukuta wenye nyufa.

Na alama 100 nayo! Programu inaona kama picha ina maelezo au haina. Haioni kama maelezo yale yana maana. Kuna tovuti kila picha imeandikwa "picha". Inapita ukaguzi. Nasikiliza "picha, picha, picha", mara ishirini, nazima.

#15 Fundi_wa_Ngamiani

Kodi Safi, kukagua kwa programu mimi naunga mkono, ila kama mlango wa kwanza. WebAIM, shirika la Wamarekani la ufikivu wa wavuti, kila mwaka wanapitisha programu kwenye kurasa za mbele za tovuti milioni moja. Mwaka 2024 asilimia 95.9 zilikutwa na makosa, na hayo ni yale tu ambayo programu inaweza kuyaona. Cha ajabu, sehemu kubwa mno ya makosa ni aina sita zinazojirudia kila mwaka: rangi hafifu, picha bila maelezo, sehemu za fomu bila lebo, viungo vitupu, vitufe vitupu, na lugha ya ukurasa kutotajwa. Hakuna sayansi hapo. Fundi yeyote wa humu anaweza kuyamaliza hayo sita kwa tovuti ndogo bila kumlipa mtu wa kimtu.

Baada ya hapo ndipo unaweka mausi pembeni, unatembea ukurasa mzima kwa kitufe cha Tab. Ukipotea hujui uko wapi, kuna tatizo. Halafu unampa anayetumia kisoma skrini kila siku, unamlipa kwa muda wake. Kisoma skrini cha NVDA ni bure kwenye Windows, ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, Mwaustralia asiyeona mwenyewe, na ina sauti ya Kiswahili. Sauti ya roboti, lakini Kiswahili.

#16 Mikono_Inasema

Nisomeni vizuri. Mimi ni kiziwi. Kila wakisema ufikivu wa tovuti, mazungumzo yanakuwa ya wasioona. Nawaheshimu, lakini na sisi tupo.

Video. Taasisi zinaweka tangazo la video, mtu anaongea dakika nane, chini hakuna maandishi. WCAG inadai manukuu, yaani maandishi ya yanayosemwa, kwa video iliyorekodiwa, daraja A. Ya moja kwa moja, AA. Vizuri. Lakini mkalimani wa lugha ya alama wameweka AAA. Fundi amesema tutashika AA. Maana yake lugha yangu imewekwa kwenye daraja ambalo hakuna atakayelifikia.

Kwa viziwi wengi lugha ya kwanza ni Lugha ya Alama ya Tanzania. Kiswahili cha kuandikwa tumejifunza baadaye, wengine kwa shida. Mkiniandikia sentensi ya mistari sita yenye "kwa mujibu wa kifungu tajwa hapo juu", manukuu hayanisaidii. Maandishi mepesi nayo wameweka AAA.

Na mkisema manukuu, mtu ayapitie. Manukuu ya mashine ambayo hakuna aliyeyasoma si manukuu.

#17 Bwana_Hesabu

Hapo Mikono Inasema ametoa hoja nzito, na ndiyo hofu yangu juu ya kuchukua kiwango cha watu jumla jumla. Nani aliamua lugha ya alama ni AAA? Aliulizwa kiziwi wa Tanga?

#18 Fundi_wa_Ngamiani

Swali zuri, acha nieleze jinsi kinavyotungwa, maana watu wanadhani kuna mzee mmoja anakaa anaandika.

Kuna kikundi kazi. Ndani yake wapo watu wa kampuni za teknolojia, watafiti, watu wa vyama vya wenye ulemavu, na wataalamu waalikwa ambao wengi wao wenyewe wana ulemavu. Rasimu inawekwa wazi kwa kila mtu duniani. Yeyote anaweza kutuma maoni, halipi kitu, na taratibu zao zinawalazimu kuyashughulikia maoni yale rasmi, hata wakiyakataa. Kabla kipengele hakijapita, lazima waonyeshe kuna tovuti halisi zimeweza kukitimiza. Ndiyo maana 2.0 ilichukua tangu 2001, rasimu ya kwanza, hadi 2008. Mwaka 2006 walipodhani wamefika mwisho, rasimu ilipigwa mawe: ndefu, lugha ngumu, mafundi hawaielewi. Wakarudi mezani.

Masharti yao kwa kila kipengele ni magumu. Lazima kipimike: wakaguzi wawili wenye ujuzi wakikaa mbalimbali wafikie jibu moja. "Tumia rangi nzuri" haipiti. "4.5 kwa 1" inapita. Na wako tayari kufuta, kwenye 2.2 walikiondoa kipengele cha 4.1.1 kilichodai msimbo usiwe na makosa ya kisarufi, kwa sababu vivinjari vya sasa vinayarekebisha vyenyewe. Vipengele vilikuwa 78 kwenye 2.1, vikaongezwa 9, kikatoka kimoja, vikabaki 86.

Sasa madaraja. Daraja halipimi nani ni muhimu zaidi. Waliangalia mambo mengi kwa pamoja, likiwemo kama kila tovuti ya kila aina inaweza kukitimiza, kuanzia benki hadi mtu na shajara yake. Ndiyo maana W3C wenyewe wanashauri AAA nzima isiwe sharti la jumla kwa tovuti nzima. Hapo ndipo Mikono Inasema amenionyesha mwanya: jumla haishauriwi, lakini hakuna anayetuzuia kuchomoa kipengele kimoja kimoja. Kiziwi wa Tanga hakuulizwa kule, anaulizwa hapa. Je, tukisema hivi: taasisi inayotoa huduma kwa umma ikiweka tangazo la video, liwe na manukuu yaliyopitiwa na mtu, na mkalimani wa alama kwa matangazo ya afya, elimu na dharura?

#19 Mikono_Inasema

Ongeza uchaguzi na ajira. Na mkalimani aonekane, asiwe mraba wa ukubwa wa stempu kwenye kona. Mkalimani achaguliwe kwa kuwauliza viziwi wenyewe, CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, wapo.

#20 Fundi_wa_Ngamiani

Imeingia yote.

#21 Mzee_wa_Deiwaka

Mimi mkono wa kulia hauna nguvu tangu ajali ya bodaboda. Natumia kidole gumba cha kushoto kwa kila kitu. Vitufe vyenu ni vidogo na vimebanana, "Futa" iko ubavuni mwa "Tuma". Nimeshafuta fomu nzima ya maombi ya kazi nikiwa ukurasa wa mwisho. Hicho kiwango kinasemaje?

Na zile menyu za nyota na reli za kutuma pesa, zinakatika kabla sijamaliza kubonyeza.

#22 Fundi_wa_Ngamiani

Pole sana kaka. Kwenye 2.2 wameongeza kipengele chako: eneo la kugusa lisipungue pikseli 24 kwa 24, au liwe na nafasi ya kutosha kuzunguka. Kwa simu za bei ya chini zenye skrini iliyopasuka, mimi ningeweka 44, ambayo kwao ni AAA. Pia kwa fomu za fedha na za kisheria, mtu apewe nafasi ya kurudi kukagua kabla ya kutuma. Muda nao: kama kuna saa inahesabu, mtu aonywe na aweze kuongeza. Menyu za nyota na reli haziko mikononi mwetu mafundi wa tovuti, ila kanuni ya muda ingefaa kule kule.

#23 Kodi_Safi

Na kapcha, yale mafumbo ya kuthibitisha wewe si roboti? Wateja wangu wanasumbuliwa na roboti, siwezi kuiondoa.

#24 Bint_Makorora

Zile "chagua picha zote zenye taa za barabarani"? Nazichaguaje mimi? Wakiweka ya sauti inatamka Kiingereza chenye makelele juu yake.

#25 Fundi_wa_Ngamiani

Kodi Safi, 2.2 ina kipengele cha 3.3.8 kuhusu kuingia kwenye akaunti: usimlazimishe mtu kukumbuka au kutatua fumbo kama hakuna njia nyingine. Usizuie kubandika nywila, acha kivinjari kiijaze, au mtumie mtu msimbo kwa simu aunakili na kuubandika. Kwa fomu ya mawasiliano, weka sehemu iliyofichwa ambayo mtu haioni wala haisikii ila roboti anaijaza, unamnasa hapo. Kwa tovuti za ukubwa wetu inatosha.

#26 Mwalimu_Mstaafu_Pongwe

Ongezeni na uzito wa ukurasa. Bando linaisha kabla ukurasa haujafunguka. Sijui kama Wazungu wameliandika hilo.

#27 Fundi_wa_Ngamiani

Hawajaliandika kama kipengele mwalimu, na ni moja ya yale niliyosema tuyaongeze sisi. Anayetegemea simu kufanya kila kitu, pamoja na kisoma skrini kinachosubiri ukurasa utulie ndipo kisome, bando na uzito vinamhusu kuliko mtu yeyote.

Nimekusanya. Rasimu sasa inasema hivi: WCAG 2.2 daraja AA kwa kila tovuti mpya. Lugha ya ukurasa itajwe kuwa Kiswahili pale ilipo Kiswahili, na kipande cha Kiingereza kiwekewe lebo yake. Eneo la kugusa 44. Video kama alivyosema Mikono Inasema, neno kwa neno. Namba za simu, bei na tarehe zisiwe ndani ya picha. Nyaraka zisiwe PDF za skani. Vifaa vya kubandika visihesabiwe kama ufikivu. Uzito wa ukurasa wa kwanza usizidi megabaiti moja (tubishane hapa, Bwana Hesabu najua unakuja). Kabla ya malipo ya mwisho, mtu mmoja anayetumia kisoma skrini na mmoja anayetumia kibodi tupu au kidole kimoja wafanye kazi kuu ya tovuti hiyo mwanzo hadi mwisho, nao walipwe. Ada yao inatajwa kwenye mkataba.

#28 Bwana_Hesabu

Nimekuja. Megabaiti moja na gesti inataka picha za vyumba? Weka moja na nusu, na picha zifunguke mtu akishuka chini. Wajaribuji walipwe na nani, fundi au mteja? Ukisema fundi, mimi nitapandisha bei na sitaficha. Ukisema mteja, atauliza hawa ni nani. Andika "inagawanywa nusu kwa nusu" nitasaini, kwa shule na taasisi. Duka la vipuri bado sijashawishika, lakini hayo sita ya programu nitayafanya kwa wote.

#29 Fundi_wa_Ngamiani

Moja na nusu, nusu kwa nusu. Nakubali. Duka la vipuri tutaendelea nalo. Kesho nawatumia rasimu nzima kwa PDF kila aliyechangia humu.

#30 Bint_Makorora

PDF ya nini tena kaka? Ibandike humu humu kama maandishi.

#31 Fundi_wa_Ngamiani

Naibandika.